MANENO YA "ETI" YALIVYOTUGHARIMU

Mazungumzo ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Kigonsera

 

 Wapo tulioanza nao ambao leo hawapo, na maneno yetu yanaanza na mmoja wao.

Katika kitabu hiki mtasoma hesabu zetu. Mweka hazina ameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na marejesho. Mtaona kwamba tulianza wanawake 17 chini ya mwembe, na sasa wapo kati yetu waliojenga, waliosomesha watoto, na walionunua miche ya kahawa kwa majina yao wenyewe. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeomba nafasi tuseme jambo ambalo halimo kwenye hesabu, ingawa lilikula fedha zetu, na zaidi ya fedha likala watu. Jambo lenyewe ni maneno tuliyokuwa tukiambiana juu ya miili yetu.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Hela haitoki mpaka wote watatu wawepo. Lakini maneno yalikuwa yanatoka bila ufunguo. Mtu akikaa kwenye benchi akasema "eti", basi wote tunasogea kusikiliza. Eti sindano inakausha kizazi. Eti kitanzi kinapanda moyoni. Eti chanjo ya wasichana ni ya kuwafunga uzazi. Hakuna aliyeuliza, nani amesema, naye amejuaje? Shilingi mia tano ikipungua tunahesabu upya mara tatu. Neno la kuua mtu tulilipokea bila kulihesabu.

Mwenzetu tuliyempigia vigelegele

Msimu mmoja wa kahawa, mwenzetu mmoja alikuja kikaoni anacheka. Alikuwa na umri wa miaka 56, na hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma. Akatuambia, "Jamani, mwenzenu nimerudi mwezini!" Nasi tulifanyaje? Tulimpigia vigelegele. Mmoja wetu akasema eti ujana umerudi, mume wake ajiandae. Mwingine akasema eti ni damu chafu iliyobaki, mwili unajisafisha, aiache itoke yote. Wa tatu akamletea mizizi ya kuchemsha. Katika benchi zile zote hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, nenda hospitali."

Damu iliendelea, leo ipo, kesho haipo, kwa miezi minane. Ikaja na maji yenye harufu. Mwenzetu akaanza kukaa mwisho wa benchi, halafu akaanza kukosa vikao. Katiba yetu inasema asiyefika bila taarifa atalipa faini ya Sh. 500/=. Tulimtoza mara tatu. Faini hizo ziko kwenye daftari hadi leo, hatukuzifuta. Kumbe mwenzetu alikuwa anaona aibu kukaa karibu nasi kwa sababu ya ile harufu.

Alipopelekwa hospitali, ilionekana kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi, tena imekwisha kusambaa. Akaandikiwa kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Alikwenda, akapewa matibabu ya kumpunguzia maumivu, akarudi nyumbani. Tulimzika kabla mvua za Desemba hazijakolea.

Sasa sikilizeni hesabu. Siku ya msiba, mfuko wetu wa jamii ulitoa Sh. 150,000/= bila mtu kubisha. Tulinunua sanda, mchele na sukari. Nauli ya kutoka hapa hadi Mbinga mjini na kurudi, mwaka ule, haikufika Sh. 10,000/=. Hiyo hatukuitoa, kwa sababu katiba yetu haikuwa na kifungu cha kumpeleka mtu hospitali akiwa bado anatembea. Ilikuwa na kifungu cha kuzika.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya arobaini tulikaa tukaulizana. Hakuna aliyemtakia mabaya mwenzetu. Wote tulimpenda. Lakini maneno yetu ndiyo yaliyomkalisha nyumbani miezi minane. Siku ile tukatunga kanuni mpya, na tukaiita Kanuni ya Eti. Inasema hivi: mwanachama akileta neno la "eti" juu ya afya, katibu analiandika kwenye daftari, na hakuna ruhusa ya kulirudia nje mpaka tumeliuliza kwa muuguzi. Asiyejua kuandika anamnong'oneza katibu. Daftari hilo sasa limejaa. Tunawasomea baadhi ya yaliyomo, pamoja na majibu tuliyopata.

La kwanza: Eti damu ikirudi ni ujana

Muuguzi alikuja na parachichi dogo la kienyeji. Akaligeuza, kikonyo kikawa chini. Akasema, kizazi cha mwanamke asiye na mimba kinafanana na hiki kwa umbo, na hapa penye kikonyo ndipo mlango wa kizazi. Wengi wetu tumezaa watoto sita na saba, lakini siku ile ndiyo tulifahamu umbo la kitu tulichokaa nacho tangu tuzaliwe.

Alituambia kwamba hedhi ikikoma mwaka mzima, imekoma. Damu yoyote inayokuja baada ya hapo, hata kama ni doa moja tu kwenye kanga, inatakiwa kuchunguzwa. Si kila damu ni saratani. Yako mambo mengine madogo yanayotibika. Lakini hakuna mtu awezaye kujua kwa kukaa kwenye benchi na kukisia. Vilevile damu inayotoka baada ya kukutana na mume, au katikati ya mwezi, au maji yenye harufu mbaya, yote hayo ni ya kupeleka hospitali.

Na joto lile linalotupanda usoni sisi wa umri wa miaka hamsini, na jasho la usiku, na usingizi kukatika, hayo si kulogwa wala si damu iliyopanda kichwani. Ni mwili kubadilika. Yanapita, ingawa yanachosha, na yakizidi mtu anaweza kupata ushauri.

La pili: Eti saratani ya kizazi ni ya malaya, na chanjo yake inafunga uzazi

Hili lilitutesa sana, kwa sababu mwenzetu tuliyemzika alikuwa mke wa mume mmoja, mtu wa kanisani kila Jumapili. Watu walianza kunong'ona kwenye matanga yake.

Ukweli ni huu. Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho kimeenea mno, hata watu wengi waliowahi kukutana na mwenza hukipata wakati fulani wa maisha yao, na wengi mwili wao hukiondoa wenyewe. Wachache kinabaki, na baada ya miaka mingi kinaweza kuleta saratani. Mwanamke mwaminifu anaweza kukipata kwa mumewe, na mume naye asijue kama anacho. Kwa hiyo asisengenywe mtu. Katika Tanzania hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 walipata ugonjwa huu nchini kwa mwaka mmoja.

Lakini ni saratani inayokuja polepole, na kabla haijawa saratani inaonyesha alama. Kipimo chake cha kawaida vijijini ni siki. Mhudumu anapaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, na palipoanza kuharibika panageuka peupe. Ni dakika chache tu. Si kweli kwamba wanatoa kizazi. Wakiona alama ya mwanzo wanaitibu kwa kugandisha au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo. Wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na aliye na virusi vya UKIMWI anapaswa kupimwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

Kuhusu chanjo, Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengine walituuliza, mbona wanachomwa watoto? Ni kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na kirusi. Ni kama kuziba panya asiingie ghalani. Hungoji mpaka mahindi yameliwa. Na tena mjue kwamba uchunguzi mmojawapo ulioonyesha dozi moja inatosha ulifanyika hapa hapa kwetu Tanzania, Mwanza, kwa wasichana 930. Chanjo hii haifungi uzazi. Inachofanya ni kulinda mlango wa nyumba ambayo mtoto atakuja kukaa.

La tatu: Eti uzazi wa mpango unaharibu kizazi

Katika daftari letu hakuna jambo lililoandikwa mara nyingi kuliko hili. Eti vidonge vya majira vinarundikana tumboni mpaka vinakuwa jiwe. Eti kitanzi kinapanda hadi moyoni, au kinamchoma mtoto kichwani. Eti kijiti kinapotea mwilini. Eti sindano inakausha.

Muuguzi alijibu moja moja. Kidonge kinayeyuka kama cha maumivu ya kichwa, hakirundikani. Kitanzi kinakaa ndani ya kizazi, na kizazi hakina njia ya kwenda moyoni. Mara chache kitanzi huweza kutoka au kusogea, ndiyo maana unaambiwa urudi ukaangaliwe. Kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono, unaweza kukigusa kwa kidole.

Kuhusu sindano hakutuficha. Alisema ni kweli hedhi inaweza kubadilika au kukosekana, na ukiacha sindano mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, wengine karibu mwaka. Lakini kuchelewa si kukauka. Uzazi unarudi. Tukasema moyoni, kumbe ndipo neno la "eti" lilipozaliwa. Mtu aliacha sindano, akakaa miezi minane bila mimba, akatangaza kijiji kizima kwamba amekauka. Alipopata mimba mwezi wa kumi hakurudi kutangaza.

Kila njia ina watu inayowafaa na isiowafaa. Mwenye shinikizo la damu, kwa mfano, lazima aseme kabla ya kupewa vidonge. Wapo wenzetu wanaofuata mafundisho ya Kanisa na kuhesabu siku. Hiyo ni hiari yao na tunaiheshimu. Hatukuja kugombana na imani ya mtu. Tunachokataa ni mtu kuamua maisha yake kwa neno la uongo.

La nne: Eti uchungu ukikawia ni dhambi ya mwanamke

Ndugu zetu, hili tunalisema kwa uchungu. Wengi tuliokaa hapa tuliambiwa, au tuliwaambia wengine, kwamba mwanamke akikaa na uchungu muda mrefu ni kwa sababu alitembea nje ya ndoa. Basi anaambiwa ataje. Anataja mume, mtoto hatoki. Anaambiwa bado, umeficha. Mtu yuko katikati ya kifo na uzima, sisi tunamfanyia kesi.

Katika kikundi chetu yupo bibi mmoja tunayemheshimu sana, alikuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi. Alisimama kikaoni akasema, "Wanangu, nami niliwaambia wataje. Wapo waliotaja watu wasiowajua, ili tu waachwe wapumue. Mmoja alitaja, akafa, na mpaka leo mume wake haongei na yule aliyetajwa." Hakuna aliyesema neno. Tulisikia mvua tu kwenye bati.

Uchungu unakawia kwa sababu mtoto amelala vibaya, au nyonga ni ndogo, au nguvu ya uchungu ni hafifu. Kukiri hakugeuzi mtoto. Mtaalamu ndiye anayejua la kufanya, na pengine itabidi upasuaji. Zile dawa za mizizi za kuharakisha uchungu nazo ni hatari, kwa sababu zinaweza kukaza kizazi mpaka kikapasuka.

Na mwanamke asipokufa, anaweza kubaki na fistula. Kichwa cha mtoto kimekandamiza muda mrefu, pametoboka tundu, na mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Huyo naye huambiwa amelogwa, anafukuzwa kitandani na kwenye harusi. Jamani, fistula inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi bila malipo, na kuanzia mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu ili mgonjwa wa mbali aweze kufika. Kama unamfahamu mama amejifungia ndani kwa sababu hiyo, mwambie leo.

Kadhalika degedege la mjamzito si pepo. Ni kifafa cha mimba, kinatokana na shinikizo la damu, na dawa ipo hospitalini. Mjamzito akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, au akitoka damu, asiitiwe mganga wa ramli. Aitiwe gari.

Mabadiliko yanawezekana. Uchunguzi wa Taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000, akina mama 556 walikufa kwa uzazi. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 104. Katika muda huohuo wanaojifungulia kwenye vituo vya tiba walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Bado hao 104 ni mama za watu. Lakini mjue kwamba nauli ya kwenda kujifungua si hasara. Yule bibi yetu siku hizi anawasindikiza wajawazito kituoni, amebeba beseni na kanga zao, na wauguzi wanamkaribisha.

La tano: Eti mjamzito asile mayai

Eti mtoto atazaliwa bila nywele. Eti akila vizuri, au akimeza vidonge vya kuongeza damu, mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Basi mama anakula ugali na mboga ya majani, yai anapewa baba. Na huyo mama ndiye anayeinama shambani. Wenzetu wa Umatengo wanajua kazi ya ngolo. Akina baba wanafyeka majani na kuyapanga, sisi wanawake ndio tunaoyafukia kwa udongo, na mimba tumboni.

Yai halinyonyoi nywele za mtoto. Mayai, maharage, mchicha, matembele na usipa wetu wa Ziwa Nyasa vinajenga damu na mwili wa mama na mtoto. Vidonge vya kuongeza damu havimfanyi mtoto kuwa jitu. Vinamsaidia mama asipungukiwe damu, kwani mama mwenye damu kidogo, akimwaga hata kiasi kidogo wakati wa kujifungua, anaweza kupotea. Vikikusumbua tumbo, mweleze nesi, usivitupe chooni kimya kimya. Mkoa wetu unavuna mahindi mengi, lakini watoto wetu wengi wamedumaa. Ghala limejaa, sahani haina mchanganyiko.

La sita: Eti mtoto amebemendwa

Mtoto akikonda, nywele zikawa nyekundu, tumbo likavimba, watu hawaulizi amekula nini. Wanamtazama mama. Eti amembemenda mtoto, amekutana na mwanamume wakati ananyonyesha. Mama anaona haya hata kumpeleka mtoto kliniki, kwa sababu njia nzima itajua "dhambi" yake. Mtoto anafia ndani kwa ajili ya aibu.

Hapa tuwatendee haki wazee wetu. Walitaka watoto wapishane, mama apumzike, mtoto anyonye mpaka ashibe. Nia ilikuwa njema, na kupishanisha watoto ni jambo la afya hadi leo. Lakini kukutana na mume hakuharibu maziwa. Mtoto anakonda kwa kukosa chakula cha kutosha, kwa kuhara, kwa malaria, kifua kikuu au magonjwa mengine, au kwa kuachishwa ziwa mapema. Kliniki wana utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ukionyesha nyekundu, mtoto anahitaji matibabu upesi, na mama hahitaji kuhojiwa.

Na yale maziwa ya kwanza ya njano tuliyokuwa tukiyakamua chini eti ni machafu, ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Tuliyamwaga wenyewe.

La saba: Eti ndoa isipopata mtoto mgumba ni mwanamke

Hili tunalisema kwa kifupi kwa kuwa akina baba wapo. Mimba ni ya watu wawili. Kasoro inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa ni sababu mojawapo. Kumrudisha binti kwao kabla mume hajapimwa ni kuhukumu kesi kwa kusikiliza upande mmoja.

Tulipofikia

Ndugu Mgeni Rasmi, tulibadilisha katiba. Mfuko wa jamii sasa una kifungu cha nauli ya uchunguzi. Hailipwi kama mkopo, wala hairudishwi. Robo saa ya kila kikao ni ya daftari la eti. Na faini ya asiyefika haiandikwi mpaka wanachama wawili wamekwenda nyumbani kwake kumwona.

Safari ya kwanza tulikwenda wanawake tisa kupimwa kwa siki. Mmoja alionekana na alama. Alitibiwa, akarudi kuangaliwa, akaambiwa yuko salama. Amekubali tuseme habari zake bila jina. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba chakula mtakachokula leo, yeye ni mmoja wa waliokipika.

Hatusemi kwamba tumeshinda. Bado wapo wanaotunong'oneza kwamba tumedanganywa na watu wa mjini. Bado wapo waume wanaosema mke haendi kufunuliwa na watu. Kwa hiyo tuna maombi matatu.

Akina baba, kahawa ikiuzwa, mtenge nauli ya mama kabla ya mambo mengine. Na siku ya kliniki mwende naye, msimwachie barabarani.

Viongozi wetu wa dini, neno lenu linafika mahali neno letu halifiki. Mkisema siku moja tu kwamba mwanamke mwenye uchungu asihojiwe, mtaokoa wengi.

Wauguzi wetu, mtupokee na maswali yetu hata yakiwa ya kuchekesha. Mama akikemewa mara moja, anarudi kwa eti, kwa sababu eti haimkemei.

Mwisho, tuseme ukweli wote. Kati ya wanachama wetu, bado wanane hawajapimwa. Wawili kati ya hao ni viongozi, na mmoja wao ndiye anayewasomea maneno haya. Tumewahimiza wenzetu, tumewalipia nauli, tumebaki nyuma tukisema tuna kazi nyingi. Haikuwa kazi. Ilikuwa woga. Jumatatu asubuhi basi la Mbinga litatukuta barabarani, wote wanane. Anayetaka kutusindikiza aje.

Mwenzetu tuliyemzika, Mungu amlaze mahali pema. Deni lake la faini, Sh. 1,500/=, tumelilipa sisi.